Kwenda Unguja Kusoma Mwanga

Marehemu baba mdogo alikuwa na studio ya picha Kariakoo. Alipofariki nikarithi vitu viwili ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka: kamera ya filamu, na kipimamwanga cha mkononi aina ya Sekonic L-398 ndani ya mfuko wa ngozi uliopauka. Kamera niliielewa upesi. Kipimamwanga kilinishinda. Kina uso kama wa saa, sindano nyembamba, gurudumu lenye namba zilizosongamana, na kichwani kuba nyeupe kama mpira wa tenisi ya meza uliokatwa katikati. Betri hakina. Ndani mna seleni, ambayo ikiangukiwa na mwanga huzalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoisukuma sindano.

Nikampigia simu rafiki wa siku nyingi wa baba mdogo, mpiga picha mstaafu wa Unguja. Akanijibu kwamba kitu hicho hakifundishwi kwa simu, nipande boti. Nilikuwa sijawahi kuvuka bahari.

Boti iling'oa nanga Dar es Salaam saa tatu asubuhi. Safari ni ya kama saa mbili. Abiria wengi walikimbilia ndani kwenye viyoyozi, mimi nikabaki juu juani na kipimamwanga changu. Nilijua kwamba penye jua kali huchomekwa bamba dogo lenye matundu, maana bila hilo sindano hukimbilia mwisho wa uso na kugota hapo. Nikalichomeka. Nikabonyeza kitufe cha katikati, sindano ikapanda, nikaachia, ikaganda kwenye 320. Nikaizungusha 320 hadi kwenye alama ya kawaida, gurudumu likanipa f 5.6 kwa sehemu ya 30 ya sekunde. Nikaamini. Nilipiga picha saba: ngalawa zenye matanga yaliyojaa upepo, watoto waliolala kwenye mizigo, na mji wenyewe ulipoanza kuchomoza, mweupe, umekaa juu ya maji.

Mzee alikuwa akinisubiri nje ya lango la bandari, Malindi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye namba za kamera iliyokuwa shingoni mwangu.

"Namba hizi umezitumia wapi, mwanangu?"

"Baharini, babu. Juani."

"Filamu yako ISO ngapi?"

"Mia."

Akanyamaza kidogo. Kisha akanipa kanuni ambayo, kwa maoni yangu, kila mpiga picha aijue kabla ya kushika kipimo chochote: filamu ya ISO 100, jua la wazi, weka f 16 kwa sehemu ya 125 ya sekunde. Kipimo kikikupa jibu lililo mbali na hilo, shaka liwe juu ya kipimo au juu ya mkono wako. Akakichukua kifaa, akanionyesha karibu na ile alama ya kawaida kuna alama nyingine yenye herufi H. Bamba lile hupitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 32. Ukilichomeka, ni lazima namba uipeleke kwenye H ili gurudumu lijue kwamba sindano inaonyesha pungufu. Mimi nilikuwa nimeziba mwanga kisha nikasoma kana kwamba sijaziba. Aliipeleka 320 kwenye H, na pale pale f 16 ikakaa mkabala na 125. Picha zangu saba zilikuwa zimepewa mwanga mara 32 ya uliohitajika.

Tukaingia Mji Mkongwe. Barabara ya Kenyatta, Shangani, alinipitisha Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Nilisimama muda mrefu mbele ya zile picha za nyeusi na nyeupe. Nilichokuwa nakitafuta ni kanzu. Weupe wa kanzu, weusi wa uso, vyote katika karatasi moja: hapo ndipo picha nyingi zetu huharibikia. Ama uso unakuwa makaa, ama kanzu inaungua na kubaki doa tupu lisilo na mkunjo hata mmoja.

Sababu yake mzee alinifundishia kichochoroni. Alitoa ile kuba, akaweka kipande chenye vitundu kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Akakielekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa, nikasoma namba. Akakielekeza kwenye mlango wa mbao uliochongwa, umekolea kwa uzee, hatua mbili tu kutoka pale. Namba ikaporomoka. "Mwanga umebadilika?" akaniuliza. Haukubadilika hata chembe. Kipimo cha namna hiyo hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha katikati. Ukikipa ukuta mweupe kitataka kuutia kijivu, ukikipa mlango mweusi kitafanya vivyo hivyo.

Akarudisha kuba. Hiyo haiangalii kitu kabisa, hupima mwanga unaokiangukia. Don Norwood, Mmarekani aliyeibuni, aliipa umbo la mviringo kwa kuwa uso wa binadamu nao una mviringo, unapokea mwanga wa mbele na wa ubavuni kwa pamoja. Unasimama alipo mtu, unaielekeza kuba kwenye kamera, unasoma. Awe mweusi au mweupe, avae kanzu au buibui, jibu ni lile lile, na kila rangi itakaa mahali pake.

Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani, kanzu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono. Tuliamkiana, nikamwomba ruhusa.

"Piga," akasema, "lakini uniletee."

Nikaenda kuinama karibu na bega lake. Kule kivulini bamba halikuhitajika, kwa hiyo nikalitoa, na safari hii nikarudi kwenye alama ya kawaida nikijua kwa nini. Sindano ilisimama kwenye 160: f 4 kwa sehemu ya 30. Tangu juani mpaka pale mwanga ulikuwa umeshuka hatua sita, yaani umebaki sehemu moja kati ya 64, na macho yangu hayakuwa yameniambia kitu. Niliegemea ukuta ili mkono usitetemeke, nikabana pumzi, nikapiga.

Filamu niliisafisha mwenyewe Dar. Negativu saba za mwanzo zilitoka nyeusi tii, zimejaa mwanga. Ya mzee wa barazani ilitoka na mikunjo ya kanzu, nyuzi za kofia, na mistari ya paji la uso, vyote vinaonekana. Niliichapa kubwa, na mwezi uliofuata nikampelekea.

Nawe ukikikuta kipimo kama hiki kwenye kabati la marehemu wako, usikiuze kwa skrepa. Seleni huchoka kwa miaka, lakini si yote. Kitoe nje saa sita mchana, mbingu ikiwa haina wingu, chomeka bamba, elekeza kuba kwenye jua. Sindano ikifika 320, hicho ni kizima.