Usiseme imekufa kabla ya kuipima

Msomaji, huenda nawe yamekukuta. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, na ile laptopu yako ya mtumba, isiyoweza kuibeba Windows 11, ikabaki yatima. Kijana mmoja wa mtaani akakunong'onezea habari za Linux: ni ya bure, ni nyepesi, wala haidai mashine mpya. Ukaiweka jioni moja, ukalala ukitabasamu. Asubuhi unawasha, skrini ni nyeusi tititi. Au imewaka vizuri, lakini kila ukiandika neno la siri inakurudisha pale pale mlangoni, kama bawabu asiyetaka kusikia lolote.

Wengi wakifika hapo hutamka neno moja tu: imekufa. Neno hilo limewagharimu watu mali na machozi bure.

Chukua kisa cha mpwa wangu, binti ya dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa nne katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Laptopu yake ilinunuliwa na mamake kwa mkopo wa chama. Ndani mlikuwa na ripoti ya mradi wake, kurasa sitini na ushei, pamoja na picha za marehemu mama yangu, yaani nyanyake, ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Aliiweka Ubuntu kando ya Windows, akaitumia majuma mawili, kisha ukaanza mchezo huo wa kurudishwa mlangoni. Fundi wa duka moja katikati ya jiji aliitazama dakika tatu, akasema diski imeoza. Dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya, shilingi 2,000.

"Mjomba, nifanyeje? Nimebakisha siku tisa tu," aliniuliza kwa simu, sauti ikimtetemeka.

Nilimwambia airudishe nyumbani kwanza. Mimi si fundi, lakini nimeitumia Linux kuandikia makala kwa miaka kadhaa, na najua kwamba ile skrini ya kupendeza yenye picha ni sebule tu. Nyumba ina milango mingine. Ukibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, unaletewa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, nayo inakuuliza jina lako na neno la siri. (Usishtuke: huko neno la siri halionyeshi herufi wala nyota unapoliandika. Wapo walioamua kwamba kibodi imeharibika kwa sababu hiyo tu.)

Binti akaandika, akakubaliwa. Papo hapo tukajua mambo mawili: diski inasomeka, na neno la siri ni sahihi. Akaandika amri ya df -h, ambayo huonyesha nafasi iliyobaki katika diski. Sehemu ya Linux ilikuwa imejaa asilimia 100! Siku ya kuiweka aliikatia gigabaiti 25 pekee, kisha akamimina filamu humo. Diski ikijaa hivyo, mfumo hukosa mahali pa kuandika hata vifaili vidogo unavyohitaji ili kukufungulia sebule, basi hukurudisha nje bila maelezo. Alifuta filamu nne, akaiwasha upya, ikafunguka. Ripoti ilikuwepo. Picha za mama zilikuwepo zote.

Simlaani fundi yule. Analipwa kwa kuweka upya, halipwi kwa kuchunguza. Kufuta ni kazi ya nusu saa. Kutafuta chanzo kunaweza kula mchana mzima kwa bei ile ile. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi yeyote lisiwe "ni pesa ngapi", bali "utanakili faili zangu kabla ya kugusa kitu?" Jambo hilo lawezekana. Ile flashi uliyotumia kuweka Linux yaweza kuiwasha mashine bila kugusa diski. Chagua kuijaribu, si kuiweka, kisha unakili vitu vyako kwenye flashi nyingine.

Bila shaka, si kila mara filamu ndizo zenye lawama. Laptopu ikitoka Uingereza na wewe umechagua kibodi ya Marekani, alama ya @ na ile ya kunukuu hubadilishana mahali. Ikitoka Ujerumani, Z na Y ndizo zinazobadilishana. Neno lako la siri linakataliwa, nawe unaapa kwamba hujakosea. Jaribu kuliandika penye nafasi ya jina, uone kinachotokea hasa, kisha ulifute.

Skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo, mara nyingi kisa ni kadi ya picha, hasa zile za Nvidia. Bonyeza Esc mashine inapowaka, au ushikilie Shift kwa mashine za zamani, hadi menyu itokee. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza kwa neno linux, uongeze nomodeset mwishoni mwake, kisha Ctrl na X. Hiyo ni nafuu ya kuwaka mara moja tu, lakini inatosha kukuingiza ndani uweke programu sahihi ya kadi hiyo. Matatizo yakianza baada ya kusasisha mfumo, menyu hiyo hiyo inakuruhusu kuwasha kwa toleo la awali.

Na aliyesahau neno lake la siri kabisa? Katika menyu hiyo mna njia ya uokoaji. Ukiingia kama root, unaandika mount -o remount,rw / kisha passwd na jina lako, unajiwekea neno jipya. Ni dakika tano, na hakuna fundi wa kulipwa.

Hata hivyo, dakika hizo tano ni za mwizi pia. Kinga yake ni kuifunga diski nzima kwa msimbo siku ile unapoweka Linux. Ukifanya hivyo, andika neno la kuifungua katika daftari na ulihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu likipotea hapo, si mimi, si fundi wala si amri yoyote itakayokurudishia picha za mama.