Koo nalo ni kitendea kazi

Wiki mbili zijazo tunatawanyika kwenda field, kila mtu na mkoa wake. Hosteli nzima ni habari za maazimio ya kazi, maandalio ya somo na nani kapangiwa wapi. Mimi leo naongelea kitu ambacho hatujakifundishwa kabisa: koo.

Field iliyopita nilikuwa shule moja ya kata, darasa lina watoto 80 na ushee. Mwalimu aliyenipokea, mama wa makamo, alikuwa anaongea kama mtu aliyetoka uwanjani kushangilia mpira. Nikadhani mafua. Wiki sita zikaisha nikamwacha vilevile. Nilipomwambia aende hospitali akacheka: "Mwanangu, wakiniambia ninyamaze mwezi mzima, nani ataingia darasani?" Hesabu pale ilikuwa na walimu wawili tu.

Basi nikaanza kusomasoma. Ndani ya zoloto kuna mikunjo miwili laini, ndiyo tunaiita nyuzi za sauti. Ukipumua zinaachana, ukiongea zinakutana na hewa ya mapafu inazitikisa. Kwa mwanaume ni kama mara 100 na kitu kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Sasa piga hesabu ya vipindi vya siku nzima! Dada zangu, nyuzi zenu ni fupi na zinagongana mara nyingi zaidi, ndiyo sababu mojawapo walimu wanawake wanaumia zaidi.

Ukipayuka kila siku, pale zinapogongana sana panaota vivimbe vidogo, kimoja kila upande, vinatazamana. Ni kama sugu kwenye kiganja cha mkulima. Nyuzi hazifungi sawasawa, hewa inavuja, sauti inakwaruza. Polipu ni kitu kingine: mara nyingi inaota upande mmoja, na inaweza kuanza hata kwa kelele za siku moja tu, kamshipa ka damu kakipasuka. Adele alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti Boston mwaka 2011 akarudi kuimba. Julie Andrews alifanyiwa wake 1997, sauti yake ya kuimba haikurudi tena kama zamani.

Habari njema ni kwamba zile sugu mara nyingi hazihitaji kisu. Mazoezi ya sauti na kupunguza kelele vinatosha wengi. Koo lililovimba kwa mafua nalo kwa kawaida linapoa ndani ya wiki mbili. Ila ukwaruzo ukipita wiki 4, usikae nao jamani. Nenda wakuangalie kwa kamera ndogo, maana hata kansa ya zoloto huanza hivyohivyo.

Na tusidanganyane na tangawizi. Unachokunywa kinapita njia ya chakula, nyuzi hakizigusi. Maji yanasaidia kwa kuwa mwili mzima unapata unyevu. Kunong'ona nako si kupumzisha sauti, wengine wanazikaza zaidi.

Kwa hiyo makamanda, darasa likichafuka piga makofi au gonga meza, usishindane nalo kwa sauti. Sogea mpaka dawati la nyuma. Futa ubao kwa kitambaa kibichi. Mshahara wenyewe hata hatujauona, tusianze kulipa kwa koo.

Ni hayo tu kwa leo, field njema!