Spana Nyeupe na Spana Nyeusi

Karibu na nyumba ninayoishi hapa Morogoro tangu nilipostaafu mwaka 2011 upo mwembe mkubwa, na chini ya mwembe huo vijana wanne wana gereji yao. Gereji yenyewe haina ukuta wala kibao. Mimi huenda pale karibu kila asubuhi baada ya chai, nao wamenizoea hata wameniwekea kiti changu, kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja umeungwa kwa waya. Huniamkia, "Shikamoo mwalimu," nami huitikia, "Marahaba wanangu," kisha wao huendelea na kazi na mimi huendelea kutazama. Mtu aliyekwisha kufundisha miaka arobaini hapendi kukaa mahali ambapo hakuna anayejifunza kitu.

Mwezi uliopita palizuka ubishi. Mmoja wao alikuwa amenunua seti mpya ya boksi spana, nyeusi tii. Mwenzake, ambaye spana zake zote ni nyeupe na huzifuta kwa tambara kila jioni kama mama afutavyo vikombe vya wageni, alizitazama, akacheka, akasema kwamba huyu bwana ametumia fedha zake kununua mkaa. Yule wa nyeusi akajibu kwamba nyeupe ni za kuweka kabatini. Maneno yakawa mengi. Mwisho wakanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe umesoma. Tuambie, bora ipi?"

Basi nikawapa jibu la kimwalimu, yaani refu. Nikawaambia kwamba weupe ule si rangi ya kupaka kwa brashi. Chuma kikishafuliwa na kusuguliwa hutumbukizwa katika maji ya dawa yanayopitishwa umeme, kikavikwa kwanza nikeli, na juu ya nikeli kikavikwa kromu. Kromu yenyewe ni utando mwembamba mno. Kazi ya kuzuia unyevu hufanywa zaidi na nikeli iliyo chini, na kromu, kwa kuwa ni ngumu, huilinda nikeli isichubuke wala kufifia. Tena utando huo haufichi kasoro hata kidogo. Mkwaruzo ulioachwa kwenye chuma utaonekana vilevile juu ya kromu, kwa hiyo anayenunua spana inayong'aa kama kioo ananunua hasa jasho la msuguaji. Snap-on wa Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1920, wamejulikana kwa mng'aro wa namna hiyo. Stahlwille wa Ujerumani wao hutengeneza kromu iliyofifia, isiyomrudishia fundi jua machoni. Mimi, kama ningekuwa na fedha, ningechukua hiyo iliyofifia. Ukiwa na macho ya umri wangu, namba iliyochongwa juu ya kioo haisomeki.

Weusi nao si rangi ya kupaka, walau kwenye zana nzuri. Chuma huchemshwa katika chumvi kali, kwenye joto la nyuzi 140 hivi, mpaka ngozi ya chuma chenyewe igeuke nyeusi. Ngozi hiyo ni ndugu wa kutu, ila ni ndugu mwenye adabu. Hushikamana na chuma, haimegeki wala haili ndani. Lakini peke yake haiwezi kuzuia unyevu. Kazi yake ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo yanayozuia. Wahunzi wetu hawakuhitaji kitabu kulijua jambo hili. Chuma cha moto wakikichovya kwenye mafuta, hutoka cheusi. Fundi mvivu wa kupaka oili asinunue nyeusi, hasa akikaa pwani. Nilifundisha Tanga miaka miwili, na najua upepo wa bahari unavyoweza kuigeuza tupa ikawa nyekundu kabla Ijumaa haijafika.

Kwa upande mwingine, zile boksi za mashine ya upepo, inayofungua nati za magurudumu kwa kishindo, huachwa nyeusi kwa sababu ya maana. Kromu ikigongwagongwa huweza kubanduka, na vipande vyake hukata kama kigae cha chupa. Jicho halina spea. Hapo yule kijana wa nyeusi alitabasamu kama aliyefaulu mtihani. Nikawaeleza pia habari za bisibisi za mafundi umeme, zenye mpini mwekundu na wa njano. Zile nzuri huandikwa alama ya volti 1000, na nyingine hufanywa kwa tabaka mbili za rangi, ili rangi ya chini ikichungulia ujue kinga imechubuka na uitupe. Nikawaonya kwamba wekundu peke yake si ushahidi wa kitu. Mtu yeyote anaweza kuchovya mpini kwenye plastiki nyekundu akaupeleka sokoni.

Hawakukubaliana. Yule wa nyeupe alisema kizuri chajiuza, na mwenye gari akiona spana zinang'aa huamini kwamba gari lake liko mikononi mwa mtu makini. Siwezi kumbishia, maana nimeona walimu waliopata sifa kwa sababu ya kunyoosha suruali tu. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwenyewe, mwalimu, unapenda rangi gani?"

Nikasema, "Njano."

Wakacheka sana, wakidhani natania. Sikuwaeleza. Nitaeleza hapa.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulikuwa na mkufunzi wa kazi za mikono aliyependa zana nyeusi kuliko kitu chochote. Alikuwa na msemo wake, kwamba zana ya fundi huonekana kwa mkono, si kwa jicho. Alituzimia taa ya karakana, akatuagiza tutoe tindo, tupa na spana kwa kupapasa. Tukipotea tulicheka, yeye hakucheka. Nilimpenda mzee yule, na nilipopewa shule ya sekondari katika nyanda za juu za kusini, nikiwa kijana wa miaka thelathini na moja, nilikwenda na msemo wake kama mtu aendaye na hirizi.

Shule ilikuwa na seti mbili za spana. Moja ilikuwa nyeupe, ya milimita, tuliyoipata kama msaada. Niliiweka ofisini kwangu ndani ya kabati la kioo, na wakaguzi wa elimu hawakuondoka bila kuonyeshwa. Ya pili ilikuwa nyeusi, kuukuu, ya inchi, nayo ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa sababu lori letu lilikuwa Bedford, gari la Kiingereza, na nati zake ziliikataa kabisa milimita. Kwa hiyo tulikuwa na zana nzuri zisizofaa kitu na zana mbaya zisizokuwa na badala. Ilikuwepo pia moja ile ya kukaza na kulegeza mdomo, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka mbele ya wanafunzi. Katika daftari la vifaa niliiandika "spana ya kurekebisha", na dereva wetu akaniuliza ndiyo ipi hiyo.

Dereva huyo, mtu mzima kunishinda, alikuwa na mvulana mmoja wa kidato cha tatu aliyemsaidia kila Jumamosi. Hakuna aliyemtuma, alipenda injini tu. Mikono yake ilinuka dizeli hata darasani, na mwalimu wa Kiingereza alilalamika. Mimi nilijivunia mtoto yule, maana nilimwona kama ushahidi kwamba Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno matupu.

Jumamosi moja ya Juni 1983 walifungua kitu fulani karibu na giaboksi, wakafunga, na jioni zana zilipohesabiwa spana ya nusu inchi haikuwepo. Vijana wa leo hawawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Spana haikuwa kitu cha kuingia dukani ukanunua. Sabuni yenyewe tuliipanga foleni. Tena ulikuwa mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, redio ilitaja kila siku watu waliokamatwa, na sisi wakuu wa taasisi tulikuwa na hofu ya kuonekana tunalea wizi. Mimi nilikuwa mkuu wa shule kijana, na mkuu wa shule kijana huwa na haraka ya kuonekana mzee.

Aliyeishika mwisho alikuwa mvulana yule. Nilimwita ofisini. Alisimama mbele ya kabati la kioo, spana nyeupe zikimng'alia usoni. Aliniambia, "Mwalimu, mimi sikuichukua. Naomba twende na tochi tukaangalie chini ya gari." Nikamjibu kwamba nisingetambaa chini ya gari kutafuta kitu ambacho yeye anajua kilipo. Maneno hayo ni yangu, niliyasema kwa sauti kubwa, na katibu muhtasi aliyasikia.

Jumatatu alipigwa viboko vinne mbele ya shule nzima mstarini, akasimamishwa wiki tatu, na mzazi akatakiwa kulipa. Baba yake alikuja kwa miguu. Aliweka noti mezani, moja moja, akizinyoosha, akasema ameuza mbuzi. Hakumtetea mwanawe wala hakumlaani. Aliniaga kwa heshima ambayo sikustahili.

Likizo ya Desemba klachi ya Bedford iliisha, na dereva akashusha giaboksi. Jioni alikuja nyumbani kwangu na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakiweka juu ya meza pasipo kusema neno. Ilikuwa spana ya nusu inchi. Ilikuwa imelala juu ya chesisi, mahali ambapo mkono huweka kitu kwa dakika moja na kusahau, nyeusi ndani ya weusi, imefunikwa na grisi na vumbi. Miezi sita lile lori lilikwenda mjini na kurudi, likileta unga na maharage, na spana iko humo humo.

Nilirudisha fedha. Nilimwandikia baba yake barua, nikaomba radhi kwa maneno mazuri; kuandika sikushindwa kamwe. Lakini shule ilipofunguliwa Januari sikusema kitu mstarini. Nilimwita mvulana ofisini, nikamwambia mlango ukiwa umefungwa. Kumpiga nilimpiga mbele ya wanafunzi mia nne, kumsafisha nilimsafisha mbele ya kabati. Nilijiambia kwamba nidhamu ya shule ingeyumba. Alisema, "Asante mwalimu," akatoka. Alimaliza kidato cha nne mwaka huo wa 1984, na hakukanyaga tena karakana. Jumamosi nilimwona amekaa chini ya mti, anasoma, mikono yake safi.

Kitu nilichofanya ni kupaka rangi. Lilibaki kopo la rangi ya njano lililotumika kwenye mistari ya uwanja wa michezo, nikaketi na dereva na kila spana nyeusi tukaivika pete ya njano katikati. Tena ncha za bisibisi, tena mpini wa jeki. Watu walidhani ni alama ya kuzuia wizi, nami sikuwasahihisha. Nikaiachia pia hirizi ya mkufunzi wangu. Karakana ikiwa na taa moja na wanafunzi arobaini, zana sharti ionekane kwa jicho.

Mwaka 1998 nilikutana naye katika stendi ya mabasi ya Makambako. Alikuwa karani wa ghala, ana kitambi kidogo na kalamu mbili mfukoni. Aliniamkia kwanza. Tulikunywa chai, tukaulizana habari za watoto, na nilipoona basi langu linapakia mizigo nikasema yale niliyopaswa kuyasema mstarini miaka kumi na minne nyuma. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua iko kwenye gari. Hata nilijua upande. Nilichotaka ni tochi tu." Akanyamaza. Baadaye akauliza kama ni kweli, alivyosikia, kwamba zile spana tulizipaka rangi. Nikasema ndiyo, njano. Akasema, "Njano inafaa," akanisaidia kubeba begi mpaka kwenye mlango wa basi.

Wiki iliyopita kijana wa seti nyeusi alinijia na shida ya kusoma namba, maana zimechongwa nyembamba na juu ya weusi hazionekani. Nikamfundisha dawa ya mwalimu. Unasugua chaki juu ya namba, unafuta kwa kitambaa kikavu, unga unabaki ndani ya mchongo na namba inasomeka toka mbali. Vipande vya chaki vikiwekwa ndani ya boksi la zana husaidia pia kunyonya unyevu. Nina katoni nzima nyumbani; sijui nilidhani nitamwandikia nani. Tukakaa kwenye kivuli tukisugua, yeye ananipa, mimi namrudishia: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka kumi na nane. Kumi na tisa haikuwepo.

Akatazama kwenye kitanda cha plastiki, akatazama kwenye ndoo. Wenzake wakaacha kazi. Kisha nikaona macho yao yote yanageuka taratibu kuelekea kwa yule mtoto anayewasaidia kuosha vyuma, wa miaka kumi na minne hivi, ambaye alikuwa amechuchumaa na brashi mkononi, hana habari.

Nikaomba tochi. Walinikataza, wakasema mwalimu utachafuka, na magoti yangu nayo yalinikataza kwa namna yake. Nikavua kofia, nikaingia chini ya gari.