Meli Iliyotobolewa Isielee Tena



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuwapeleka mbali, mpaka kisiwa cha Tasmania, kusini kabisa mwa Australia. Huko iko ghuba iitwayo Recherche Bay, na katika ghuba hiyo, kwa muda wa miaka 40, ililala meli ya matanga isiyotakiwa na mtu. Jina lake ni James Craig. Leo meli hiyo inachukua abiria. Kati ya hali hizo mbili imo kazi ya karibu miaka 30, nayo ndiyo iliyotushughulisha moyoni siku hizi.

Habari za ujana wake tutazipitia upesi. Ilijengwa Sunderland, Uingereza, mwaka 1874, kwa jina la Clan Macleod: meli ya chuma, yenye milingoti mitatu, urefu wake kama mita 55. Ilibeba shehena za kila aina na kuizunguka Rasi ya Horn mara 23, na wanaojua bahari wanafahamu kuwa hata mara moja si jambo la kujivunia kidogo. Mwaka 1900 ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Auckland, J. J. Craig, na mwaka 1905 ikapewa jina ililonalo hadi leo.

Kisha meli za moshi zikawashinda wenye matanga. Mwaka 1911 ilivuliwa vifaa vyake ikafanywa ghala la mbata linaloelea huko New Guinea. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofanya meli kuwa adimu, ilikumbukwa, ikarudishiwa matanga, ikafanya kazi tena kwa miaka michache. Halafu ikasahauliwa mara ya pili. Mwaka 1925 iliwekwa Recherche Bay kuwa ghala la makaa ya mawe. Mwaka 1932 ilikatika minyororo, maji yakaisukuma mpaka ufukoni, na hatimaye ikatobolewa nyuma kwa baruti ili isielee tena.

Tusiwahukumu haraka waliofanya hivyo. Meli isiyo na mwenyewe, inayoelea ovyo usiku, ni hatari kwa wavuvi. Walilofanya lilikuwa na busara yake, hata kama linatuumiza tukilisoma. Mara nyingi vitu vyema haviharibiwi na watu wabaya. Vinaharibiwa na watu wenye shughuli nyingine.

Mwaka 1972 walifika watu wa kujitolea kutoka Sydney, wa chama kijulikanacho leo kama Sydney Heritage Fleet. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Tujaribu kuona walichokiona: gamba la chuma lililojaa maji na kutu, halina mlingoti, halina sitaha ya kukanyaga kwa amani, na nyuma lina tundu. Mtu mwenye akili ya kawaida angepiga picha akarudi nyumbani. Wao waliziba tundu, wakatoa maji, na lile gamba likaelea. Mwaka uliofuata lilivutwa mpaka Hobart kwa matengenezo ya kwanza, na mwaka 1981 likavutwa hadi Sydney. Huko walilipandisha juu ya chombo bapa, cha namna ile inayozamishwa na kuinuliwa, wapate kulifikia tumbo lake lote. Bamba lililoliwa na kutu likaondolewa, jipya likawekwa mahali pake, bamba baada ya bamba. Gamba lilishushwa tena majini mwaka 1997. Meli ilitoka baharini kwa matanga yake mwaka 2001.

Ndugu, hebu tuhesabu. Tangu 1972 hadi 2001 ni miaka 29. Aliyeanza akiwa na umri wa miaka 50 alikuwa anakaribia 80. Sisi ambao kamati zetu huvunjika moyo mchango ukichelewa miezi mitatu, tuna la kutafakari hapo. Nani hukubali kukwangua kutu kila Jumamosi kwa ajili ya safari ambayo pengine hataisafiri?

Kijana mmoja tuliyemsimulia habari hii alituuliza kwa ukali kidogo: fedha zote hizo na nguvu zote hizo kwa chuma kikuukuu, ilhali watu wana njaa? Swali lake ni la haki, na hatupendi kulikwepa. Tulimjibu kwamba kazi hii iliendeshwa kwa sehemu kubwa na michango na jasho la watu wasiolipwa, na kwamba kilichookolewa si chuma peke yake. Kupiga ribiti, kushona tanga zito, kufunga kamba za mlingoti, kupanda foromali upepo ukivuma: ufundi huo ungekufa pamoja na wazee waliokuwa nao. Hakuridhika kabisa. Nasi hatukutegemea aridhike mara moja.

Wapo pia wanaolalamika kwamba meli hii imetiwa injini mbili za dizeli, ambazo mwaka 1874 haikuwa nazo. Kwa maoni yetu walifanya vyema. Wangeweza kuifunga gatini iwe kitu cha kutazamwa, kila ribiti ikiwa ya zamani, na ingekuwa rahisi zaidi. Lakini anayechukua roho za watu baharini hana budi kuwarudisha salama, upepo uwepo usiwepo. Wenzetu wa Bagamoyo, Unguja na Lamu wanalifahamu jambo la namna hii: jahazi likipandishwa pwani likaachwa juani, mbao hukauka na kalafati hutoka, si kila chombo kinachokaa kinahifadhika. Meli ya chuma nayo ina adui wake, na adui huyo hana sikukuu.

Basi siku za safari abiria hupanda pale bandarini Sydney, na meli hupita kati ya majabali ya mlango wa bandari kuingia bahari kuu, kisha hurudi siku hiyo hiyo. Wanaoiendesha ni watu wa kujitolea. Imewahi pia kusafiri mpaka Hobart, kule ilikopelekwa ikiwa gamba. Nauli ya abiria husaidia kuitunza. Na siku ambazo hakuna safari, wapo watu juu ya sitaha na pembeni mwake, wengi wao wastaafu, wenye nyundo ndogo, brashi na makopo ya rangi, wakitafuta mahali kutu ilipoanza tena.