Kuvumilia na Kuchukuliana

Hapa kwetu Kasungami, kusini ya mji wa Lubumbashi, vijana wengi wana hamu ya kujua Kiingereza, kwa kuwa mpaka wa Zambia hauko mbali, na biashara ya Kasumbalesa huwavuta. Siku moja niliandika ubaoni maneno matatu ya Waingereza, "put up with", nikawauliza wanafunzi maana yake.

Mmoja aliyachambua neno kwa neno: kuweka, juu, pamoja na. Kisha akasema kwa furaha, "Bwana mwalimu, ni kumsaidia mwenzako kujitwika mzigo!" Darasa zima likacheka. Nikamsahihisha, nikaeleza kwamba maana yake ni kuvumilia jambo lisilopendeza: kelele za jirani, chakula kibovu, mgeni mwenye maneno mengi. Mara nyingi Waingereza huyatumia kwa kunung'unika, kama mtu aliyekubali adha kwa sababu hana la kufanya.

Siku zile ndugu yangu alikuwa amehamia nyumbani kwangu na watoto wake watatu. Mke wangu aliamka alfajiri kuteka maji, akapika, akafua. Mimi nilikwenda zangu kwenye mazoezi ya kwaya. Kila alipolalamika nilimwambia, "Mama Yozefu, vumilia tu." Jioni ile akanijibu kwa upole, "Baba Yozefu, mimi navumilia. Je, wewe wavumilia nini?" Nikakosa jibu. Wahenga walisema kweli: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Usiku sikupata usingizi. Lugha yetu ina kuvumilia, ina kustahimili, ina kusubiri. Lakini ina pia kuchukuliana, neno litokanalo na kuchukua. Sauti ile ya mwisho, -ana, ndiyo yenye mafundisho, kwa maana tendo hilo mtu mmoja hawezi kulitenda peke yake. Mtakatifu Paulo alipowausia Wakolosai juu ya kuchukuliana na kusameheana, aliwaandikia waamini wote, waume na wake.

Katika Kibemba, ambacho wengi wetu twakisikia mjini, bibi arusi huambiwa "shipikisha", yaani vumilia. Shauri hilo ni jema wakiambiwa wote wawili. Akiambiwa mmoja tu, huwa kufuli la kinywa. Na wako wanawake waliopigwa, wakaambiwa neno lilo hilo.

Tumtazame Mwenye heri Isidori Bakanja, aliyefariki tarehe 15 Agosti 1909 na kutangazwa Mwenye heri mwaka 1994. Alipigwa mijeledi kikatili kwa sababu hakukubali kuvua skapulari yake. Aliyastahimili maumivu, akamsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea. Hata hivyo, alipoulizwa, alisema wazi ni nani aliyempiga na kwa sababu gani. Kumbe uvumilivu wa Kikristu si kunyamazia uovu, wala si kuuita uovu wema.

Kesho yake tuliketi watu wazima watatu. Ndugu yangu alikubali kutoa sehemu ya fedha za unga. Mimi na watoto wakubwa tulijipangia zamu ya kuteka maji. Nyumba haikuwa kubwa kuliko jana, wala kelele hazikwisha; lakini mke wangu alianza kuimba tena jikoni, jambo ambalo sikuwa nimetambua kwamba lilikuwa limekoma.

Nilirudi darasani nikamwambia yule kijana, "Katika mtihani jibu lako litahesabiwa kosa, nawe ujifunze lile lililo sahihi. Lakini nyumbani kwako siku za usoni, shika lile la kwanza."

Nawe, msomaji mpenzi, kabla hujamwambia mwenzako avumilie, tazama kwanza alichojitwika. Kisha inama, ushike upande mmoja.