Mama Niliyemwita Nesi

Msomaji, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Ninao mswada wa riwaya, kaunta buku mbili zimejaa, na sura yake ya nne inatokea Dürnstein, mji mdogo wa mvinyo huko Austria, kando ya mto Danube. Austria sijafika. Hata Nairobi sijafika. Habari za mji huo nilizikuta kwenye gazeti la zamani la watalii lililofungiwa viatu vya mtumba pale sokoni Bunda. Nikasoma juu ya ngome iliyobomoka mlimani, alikofungwa Mfalme Richard wa Uingereza majira ya baridi ya mwaka 1192. Nikasoma pia kwamba huko wakulima huuza mvinyo wao majumbani kwao, pamoja na mkate na nyama, kwa ruhusa iliyotolewa na Kaisari Joseph wa Pili mwaka 1784. Nyumba yenye mvinyo hutundika tawi bichi mlangoni. Basi nikapagawa. Shujaa wangu nikampeleka huko na mrembo wake, wakatembea, wakala, wakanywa.

Mama wa shujaa nilimfanya nesi.

Mama yangu mimi anapika pombe, hapo hapo Bunda. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka kwenye pipa. Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu ana duka.

Nina mshikaji wangu Musoma, naye anaandika, mashairi zaidi. Nilimpelekea mswada, tukakaa Mwigobero karibu na ziwa, tukala sato wa kuchemsha kwa ugali wa udaga. Alisoma mpaka samaki wake akapoa. Kisha akauliza, "Huu mvinyo una ladha gani?"

"Mtamu."

"Mtamu kama nini?"

Nikamega tonge.

Akaendelea kunichoma. "Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, hapo ng'ambo ya Kisorya tu, riwaya yake nzima inazunguka pombe ya ndizi. Bwana Myombekere anatozwa pombe na wakwe ndipo arudishiwe mkewe. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikaja kutoka kwa Kiswahili 1980. Miaka 35 anasubiri, na pombe hakuifuta! Wewe bi mkubwa wako umemvalisha gauni jeupe."

Sikulala vizuri usiku ule. Kulipokucha akasema twende Butiama, tukatembee kama hao watalii wangu. Tukapanda Hiace, magoti yakigusa kidevu, tukashuka na kuanza kupanda kwenda Mwitongo, kwenye mji wa Mwalimu. Ni mahali pa mawe makubwa yaliyopandana, na msitu wa Muhunda hauko mbali. Tulisimama kaburini kwake, alikozikwa Oktoba 1999, na wazazi wake wamelala jirani. Sisi wawili ni wapiga domo wakubwa, lakini pale tulinyamaza. Nilikuwa nafikiria kile kitoto cha miaka 12 kilichotoka kwenye mawe haya mwaka 1934 kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma.

Kwenye makumbusho nikapata nguvu ya kujitetea. Nikamkumbusha mshikaji kwamba Mwalimu mwenyewe alimfasiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. "Kama Mzanaki aliileta Venisi, kwa nini mimi ninyimwe Dürnstein?"

"Yeye alikuwa na kitabu chenyewe mbele yake," akanijibu. "Wewe una karatasi ya kufungia viatu."

Tuliteremka kwa njia ya miguu, jua limekaza, mpaka tukafika kwenye uwanja wa nyumba moja yenye mabenchi chini ya mwembe. Tawi mlangoni halikuwepo. Harufu ilitosha. Wazee wanne walikuwa wamekaa, mmoja anapiga hadithi ya ng'ombe aliyeibwa. Tukawaamkia, tukasogezewa benchi. Mama mwenye nyumba akatuletea kopo moja la lita na maharage ya kuchemsha kwenye bakuli. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, karibuni."

Nilikunywa funda moja, na mdomo ukanitangulia. "Mama, kimea hiki kilianikwa siku ya mawingu?"

Wazee wakageuka. Yule mama akashika kiuno. "We kijana, umejuaje?"

Kwa kweli nilijua mambo mengi. Najua ulezi unalowekwa, unafunikwa mpaka unaota, unaanikwa, unasagwa. Najua unga uliovundikwa unavyokaangwa kwenye bati juu ya moto mkali, moshi unavyouma macho, na kwamba kimea kisipokauka sawasawa pombe inabaki na harufu ya ukungu. Nimeyajua tangu darasa la tatu, nikikoroga kabla ya kwenda shule halafu nikinusa mikono darasani kwa woga. Mshikaji alikuwa ananitazama, kopo liko hewani.

"Mama yangu anapika," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Mzee wa ng'ombe akauliza anapikia wapi, nikamwambia Bunda, akasema akipita ataonja alinganishe. Mama mwenye nyumba akakataa hela ya kopo la pili. Alikuwa bado anakitetea kimea chake.

Nilifika Bunda jioni ya kesho yake. Nilimkuta anachuja, nikashika upande wa pili wa gunia, tukakamua. Kaunta buku ya pili nilikuwa nimeiacha Musoma, ile yenye Dürnstein; nilimwambia mshikaji aitumie kuandikia mashairi nyuma ya kurasa. Sijui hata kama nilifanya vizuri, maana palikuwa na sentensi mbili tatu nzuri mle.

"Mama, nimekuandika kwenye kitabu," nikamwambia. "Unapika pombe."

Hakuinua kichwa. "Umeandika kopo shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Hiyo bei ya zamani. Rekebisha."