Ndiva Haifunguliwi Usiku

Vudee, Same

Mpwa wangu mpendwa,

Nimepata habari kupitia kwa mama yako kwamba mwakani ukitimiza miaka 55 utaomba kustaafu kwa hiari na kurudi nyumbani. Mama yako alinieleza jambo hili huku machozi yakimtoka, na sikuweza kujua ni ya furaha au ya hofu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu za huku milimani hukatika, na maneno ya fedha hayafai kusemwa nusunusu.

Sikuandikii ili kukuzuia. Mimi mwenyewe niliweka chaki chini mwaka 2006, nikiwa na miaka 55 hiyo hiyo, baada ya kufundisha kwa miaka 30. Kifua kilikuwa kimechoka na vumbi la ubao, na kuondoka sijakujutia hata siku moja. Ninachokijutia ni miezi ya kwanza.

Nililipwa mkupuo wa milioni 18 na ushee. Maisha yangu yote sikuwahi kushika hata milioni mbili kwa pamoja. Kabla wiki tatu hazijaisha nilikuwa nimekwisha kununua Fuso lililotumika, kwa milioni 14, nipakie tangawizi Mamba nipeleke Dar es Salaam. Injini sikuijua, na bei ya tangawizi sikujua inapanda lini na kushuka lini. Nilichojua ni kwamba nimekuwa mtu mzima mwenye fedha, na kila aliyekuja barazani alinisifu. Masika yakaja, barabara ya mlimani ikameguka, gia-boksi ikafa, dereva akawa ananiletea hesabu ambazo sikuweza kuzikagua. Baada ya miezi 14 nililiuza kwa chini ya milioni tano. Binamu yako alikuwa kidato cha tatu. Ada yake nilikopa kwa kijana niliyemfundisha kusoma darasa la kwanza. Aliniletea fedha ile kwenye bahasha, akainamisha kichwa kwa heshima, na mimi nikaipokea. Sikulala usiku ule.

Sasa nikukumbushe kitu ulichokiona ukiwa mtoto. Unakumbuka nilivyokuwa nakutuma alfajiri ukaangalie zamu yetu ya maji kwenye ndiva? Kijito chetu ni chembamba. Ukikiachia kiende moja kwa moja shambani, udongo unakinywa njiani na mahindi ya mwisho hayaoni tone. Wazee wetu walilijua hilo, wakajenga ndiva, bwawa la kukusanyia maji. Usiku kucha mlango umezibwa na maji yanajaa taratibu. Asubuhi mwenye zamu anafungua, maji yanatoka kwa nguvu na kufika hadi shamba la mwisho. Maji ni yale yale, ila kwanza yamekusanywa.

Huko chini Makanya wanalima kwa namna nyingine, kwa maji ya mafuriko yanayoteremka kutoka kwetu mlimani. Yakija huja mengi kwa siku moja, na mwenye kuyajua huyagawa shambani mwake akavuna vizuri. Asiyeyajua huamka akakuta mchanga mahali palipokuwa na shamba na korongo mahali palipokuwa na njia. Mkupuo ni mafuriko, mpwa wangu. Nilikuwa Mpare wa ndiva nikaletewa maji ya Makanya, nikasimama katikati ya njia yake.

Kwa hiyo tuanze na hesabu. Babu yako, baba yangu, alikuwa kijana mwaka 1945 wakati maelfu ya Wapare walipoteremka kutoka milimani na kukusanyika Same mbele ya ofisi ya Mwingereza kuipinga kodi ya mbiru. Kulipa kodi walikuwa wanalipa siku zote. Walichokikataa ni kodi inayokadiriwa juu ya kila mtu kwa namna ambayo mlipaji haoni imepatikanaje. Babu yako alikuwa akituambia: mtu akikuletea tarakimu, mwambie akuonyeshe njia aliyopita kuipata. Nenda PSSSF, mfuko wenu wa pensheni watumishi wa umma, na swali hilo hilo. Mifuko ya zamani ilipounganishwa kuwa PSSSF Agosti 2018, kumbukumbu za watu zilihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Omba taarifa ya michango yako yote, mwezi kwa mwezi, tangu ulipoajiriwa. Mwezi usioonekana hauhesabiwi, na ni rahisi kuufuatilia ukiwa bado una mwajiri kuliko ukiwa umekaa Vudee.

Kikokotoo chenyewe cha mafao kimebadilika mara kadhaa. Kile cha 2018 kilisitishwa Desemba ya mwaka ule ule baada ya wafanyakazi kulalamika, kikaja kingine Julai 2022 chenye mkupuo wa asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa ninyi ambao mifuko yenu ya zamani ililipa mkupuo wa nusu. Nimekaa na mjukuu tukakufanyia hesabu. Tuseme wastani wa mishahara yako ya miaka mitatu iliyo bora ni 1,200,000 kwa mwezi, na umechangia miezi 360. Chukua mshahara wa mwaka, 14,400,000, zidisha kwa 360, gawa kwa 580. Unapata 8,937,931. Asilimia 40 ya hiyo mara 12.5 ndiyo mkupuo: kama milioni 44 na laki saba. Asilimia 60 inayobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ndiyo pensheni yako: kama 446,900 kwa mwezi.

Ungebaki kazini hadi miaka 60 kwa mshahara ule ule, mkupuo ungekuwa milioni 52 na laki moja, na pensheni kama 521,400. Tofauti ya pensheni ni shilingi 74,500 kwa mwezi. Wengi huiona ndogo, wakasema bora niondoke. Lakini angalia mkononi. Leo, baada ya makato, unapokea laki tisa na ushee. Mwezi wa kwanza wa kustaafu utapokea nusu ya hapo, na kitinda mimba wako bado yuko sekondari. Hiyo miaka mitano ya nusu nyingine ndiyo bei halisi ya kustaafu mapema. Kama umeiona na bado unataka kuondoka, nitakuunga mkono kwa moyo wote.

Hili nalo ulifanye kabla hujaandika barua ya kuomba kustaafu: kuanzia mwezi ujao, wewe na mkeo ishini kwa 446,900. Inayobaki msiiguse. Fanyeni hivyo miezi mitatu, na mkeo ndiye ashike daftari. Mkishindwa mkiwa na mshahara, mtashindwa zaidi bila mshahara, na barua utakuwa bado hujaiandika. Nakuomba sana usimfiche mkeo tarakimu yoyote. Nimezika wastaafu wenzangu ambao wake zao waliambiwa kiasi cha mkupuo na watu wa msibani.

Mkupuo ukiingia, uache mwaka mzima. Najua milioni 44 zikikaa benki zinawasha. Ziache ziwashe. Ziweke mahali pa salama ambapo kuzitoa kunahitaji safari na saini, si kubonyeza simu. Hatifungani za serikali zinauzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, na riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita; wengi wetu wastaafu tungekuwa na ada za wajukuu leo kama tungelijua hilo mapema. Ipo pia mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS ambayo mtu wa kawaida anaweza kuweka kidogokidogo na kuchukua akihitaji. Usitie zote mahali pamoja, na usitie kwenye hatifungani ya miaka 25 fedha utakayoihitaji kwa ada ya Januari. Hiyo ndiyo ndiva yako. Pensheni ya mwezi ni kijito: hiyo ule, ulipie umeme. Riba ndiyo maji ya asubuhi, yenye nguvu ya kufika mbali.

Watakuja watu na mbegu. Unakumbuka mwaka 2009 serikali ilipoisimamisha DECI, ile iliyowaambia watu wapande fedha wavune mara mbili na zaidi. Waliopanda walikuwa watu wa sala, walimu, manesi, wastaafu. Hawakuwa wajinga. Waliona wa kwanza wamelipwa, wakaamini, kumbe wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata. Majina hubadilika, na sasa huja kwa simu na picha nzuri, lakini mtu anayekuahidi faida bila kukuonyesha shamba linalotoa mazao hayo ni yule yule.

Watakuja na ndugu pia, na hao ni wagumu zaidi kwa sababu tunawapenda. Hapa usiwe mkali, wala usiwe mlegevu. Tenga fungu la ukoo, dogo na linalojulikana, kwa ajili ya misiba, wagonjwa na harambee. Likiisha kwa mwaka ule, sema limeisha. Anayetaka mkopo wa biashara, mpe ushauri na siku yako moja ya kazi shambani kwake. Mimi ni mjomba wako, na nikija kukuomba nje ya fungu, nijibu vivyo hivyo.

Usiwe na haraka ya kumalizia nyumba yako ya Same mjini kwa vigae vya ghali. Iezeke, weka milango, ingia. Afadhali hata maji si kama zamani tulipokuwa tunahesabu madumu. Tangu mradi wa maji wa bwawa la Nyumba ya Mungu ulipozinduliwa Machi 2025, mji umepata nafuu. Bima ya afya nayo uiulizie mapema. Kadi ya mstaafu ya NHIF hukubeba wewe na mwenzi wako, watoto hawamo, na huyo wa sekondari lazima umpangie.

Kuhusu siku zenyewe, hilo ndilo lililonishangaza kuliko fedha. Kwa miaka 30 kengele iliniamsha. Ilipokoma nilikaa barazani hadi saa nne, nikaenda kijiweni, nikarudi na harufu ya dengelua, pombe ambayo sikuwahi kuinywa nikiwa mwalimu. Mkaza mjomba wako hakunigombeza. Alinikabidhi jembe na watoto wanne wa jirani waliofeli hesabu. Tangu hapo naamka saa kumi na moja, nalima hadi jua likiwa kali, jioni nafundisha bila malipo. Presha yangu imeshuka na nimejua tena leo ni siku gani. Tafuta kazi ya mikono na kazi ya watu, zote mbili, kabla hujaondoka ofisini. Tangawizi ukiitaka, anza na robo eka kwa jirani anayeijua, ukae nayo tangu kupanda hadi kuvuna, ndipo uamue.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao tuna msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuzoa tope kwenye ndiva ya juu. Kila mwenye zamu anapaswa kuwa na mtu pale, na mimi mgongo hauniruhusu tena. Omba ruhusa kazini uje na mkeo. Ulete taarifa ya michango, ulete na daftari, na chepeo utalikuta kwangu.

Mjomba wako